Aliyeacha Kuomba Anapofiwa

Mkristo anapofiwa, katika sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, mambo huanza kwenda kabla yeye mwenyewe hajajua la kufanya. Mwenyekiti wa jumuiya anapigiwa simu. Turubai linafika, viti vinapangwa, akina mama wanakuja na sufuria, mtu mmoja anakabidhiwa daftari la rambirambi. Jioni kuna sala, na kesho yake jioni kuna sala tena, hadi siku ya maziko. Katekista anajua somo gani lisomwe, kwaya inajua wimbo wa kuimba mwili ukitolewa ndani, padri au mchungaji anajua la kusema udongo unaporushwa kaburini. Mfiwa hatakiwi kubuni chochote. Anabebwa.

Ninalotaka kulichambua ni la yule aliyekuwa ndani ya utaratibu huo, akabatizwa, akapata kipaimara, pengine akaimba kwaya, kisha akafika mahali ambapo haamini tena kwamba yupo Mungu anayesikia wala kwamba kuna uzima ng'ambo ya kaburi. Hakusilimu, hakuhamia dhehebu jingine. Ameacha tu. Halafu mama yake anafariki.

Watu wa namna hii wapo, ingawa si rahisi kuwaona. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata watu wapatao 755,000 waliosema hawana dini, kama asilimia 1.6 ya wananchi. Tanzania haijauliza swali la dini kwenye sensa tangu 1967. Na hata hesabu ya Kenya haiwagusi walioacha kimoyomoyo: wanaokwenda ibada ya Krismasi kwa ajili ya wazazi, wanaoendelea kutoa zaka ili jina lisifutwe, wanaoinamisha kichwa wengine wakiomba. Wengi wao hugundulika msibani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa msiba haumwachi mtu akae pembeni. Mtoto wa kwanza wa marehemu ataombwa aongoze sala, na macho yote yatamgeukia.

Kwanza niondoe dhana moja. Ndugu wengi humwona aliyeacha imani kuwa mtu aliyemkasirikia Mungu. Wanatafuta jeraha: alifiwa na mtoto, aliombewa asipone, alidhulumiwa na kiongozi wa kanisa. Wapo walioondoka kwa njia hiyo. Lakini mfano unaosimuliwa kuliko yote, wa Charles Darwin, haukai vizuri katika dhana hiyo. Binti yake Annie alifariki mjini Malvern, Uingereza, Aprili 1851, akiwa na miaka 10, na kwa muda mrefu baadhi ya waandishi wa maisha yake walisema kifo hicho ndicho kilichouzika Ukristo wake. Mwaka 2012 watafiti John van Wyhe na Mark Pallen walipitia ushahidi upya wakaonyesha kwamba imani ya Darwin ilikuwa imekwisha kufifia kabla ya hapo. Msiba ulimkuta ameshatoka. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, maana aliyeondoka kwa hasira bado anaye wa kumkasirikia. Aliyeondoka kwa kusoma, kwa kuuliza, kwa sala zilizopungua mwaka hadi mwaka mpaka zikakoma, siku ya kufiwa hana hata huyo.

Nadhani hapo ndipo penye maumivu ambayo waumini hawayaoni. Wao hudhani kinachokosekana ni mbingu. Mbingu inakosekana kweli, lakini kinachokosekana mapema zaidi, usiku uleule wa kwanza, ni msikilizaji. Ayubu aligombana na Mungu uso kwa uso, na sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko yanayopelekwa kwake. Muumini anapolia “kwa nini?” kilio chake kina anwani, hata kama jibu halirudi. Aliyeacha anauliza swali lilelile na haliendi popote. Na mwili wake haujajua bado kwamba ameacha. Kwenye benchi la hospitali, saa nane za usiku, daktari akitoka chumbani na uso ulioinama, jina la Mungu linamtoka mdomoni kabla hajawaza. Ndugu waliosikia watasema, umeona, moyoni unaamini. Yeye mwenyewe ataona aibu kama aliyefumaniwa. Sikubaliani na ndugu wala na aibu hiyo. Hofu huita kwa maneno iliyofundishwa ikiwa changa, na aliyefundishwa kusali akiwa na miaka 3 ataita hivyo mpaka uzeeni. Hakuna lililothibitishwa, na hakuna wa kulaumiwa.

Kuna kufiwa kwingine ambako sijaona kukizungumzwa sana katika lugha yetu. Mtu aliyemzika baba yake akiwa bado muumini alimzika akijua wataonana. Pengine hakulia sana. Aliambiwa asilie kama wasio na tumaini, naye akatii. Miaka ikapita, imani ikamwisha polepole, na siku moja, akiwa kwenye daladala au anafua nguo, anatambua kwamba ahadi ile nayo imekwenda. Baba hayuko mahali akimngoja. Amekufa. Msiba wa zamani unaanza upya, safari hii bila turubai, bila wageni, bila ruhusa ya kazini. Atamweleza nani kwamba leo amefiwa na mtu aliyezikwa miaka mingi iliyopita? Kenneth Doka, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1989 juu ya majonzi ambayo jamii haiyatambui, ya wapenzi wa siri, ya mimba zilizoharibika, na mengine ambayo mwenye nayo hapewi pole. Majonzi haya ni ya kundi hilo. Na juu yake kuna majonzi ya imani yenyewe: kumkosa Yesu uliyezungumza naye tangu utotoni, kuikosa Alhamisi Kuu, kuukosa uhakika kwamba maisha yako yamo katika mpango. Anayesema kwamba kuacha dini ni kutua mzigo na kwenda zako hajaongea na watu walioipenda dini yao.

Walio katika hali ngumu kuliko wote, kwa jinsi nionavyo, ni walio njiani. Aliyetulia nje ana huzuni. Aliyetulia ndani ana huzuni na tumaini. Aliye katikati ana huzuni na hofu. Hana tena faraja ya sala, lakini wazo la adhabu bado linamkaa kooni: mama amekufa kwa sababu niliacha kusali; ningekwenda kanisani, huenda angepona. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake, katika utafiti wao wa 2001 juu ya wagonjwa wazee, waliona kwamba waliojihisi wameachwa au wanaadhibiwa na Mungu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miaka miwili. Sishangai. Mtu wa namna hiyo hahitaji mjadala kuhusu uwepo wa Mungu, wala kurudishwa kundini kwa nguvu wakati amedhoofika. Anahitaji kusikia kutoka kwa mtu anayemwamini kwamba shinikizo la damu lilimuua mama yake, si yeye.

Nije kwenye maneno ya faraja, maana mfiwa huyasikia mara mia. Kazi ya Mungu haina makosa. Tulimpenda, Mungu kampenda zaidi. Ametangulia. Kwa muumini maneno haya yana kazi yake: yanafunga swali ambalo lingemla usiku kucha. Kwa aliyeacha, yanafunga swali ambalo yeye anataka libaki wazi. Mama aliyefariki kwa kuvuja damu akijifungua, kwenye kituo cha afya kisicho na damu ya akiba, hakuchukuliwa na mtu aliyempenda zaidi. Kijana aliyegongwa na lori usiku alikufa kwa sababu lori lilikuwa limeegeshwa barabarani bila taa. Ukiiondoa mbingu, kifo kinarudi mikononi mwa watu, na pamoja nacho hasira yenye pa kwenda: kwenye bajeti, kwenye leseni, kwenye benki ya damu. Hili ni zao la kweli la kuacha imani, na nalithamini. Lakini lisirushiwe bibi mwenye kanga mbili aliyetembea kilomita kadhaa kuja kusema neno pekee alilo nalo. Anaposema kazi ya Mungu haina makosa anasema “nimekuja”. Jibu lake ni asante, mama.

Zao jingine ni kwamba jehanamu inaondoka pamoja na mbingu. Aliyefiwa na ndugu aliyejitoa uhai anaweza kumlilia bila kujiuliza yuko wapi sasa. Sheria ya zamani ya Kanisa Katoliki, ya 1917, iliwataja waliojiua kwa makusudi miongoni mwa wanaonyimwa mazishi ya Kanisa; ya 1983 haikuwataja tena. Hata hivyo katika familia nyingi mnong'ono haujakoma. Nimeona nyuso za wafiwa wa namna hiyo msibani, jinsi wanavyosikiliza mahubiri wakingoja kisu. Kwao kutoamini adhabu ya milele ni unafuu usio na mfano.

Katika maandishi yote ninayoyajua kuhusu jambo hili, yanayonigusa zaidi ni ya Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia aliyekuja kubuni jina la kuwaita wasiodai kujua kama Mungu yupo. Septemba 1860 mtoto wake Noel, ambaye hakuwa ametimiza miaka 4, alifariki kwa homa ya vipele vyekundu. Rafiki yake Charles Kingsley, mwandishi na kasisi wa Kianglikana, alimwandikia barua ya kumfariji, akimweleza tumaini la uzima wa milele. Huxley alijibu kwa barua ndefu isiyo na tone la dharau. Alisema hakatai wala hakubali kwamba mtu hafi kabisa. Haoni tu sababu ya kuamini, wala hana haki ya kuamini jambo kwa kuwa linampendeza. Kisha akaeleza lililompata kaburini. Kasisi alisoma mahali pale Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba kama wafu hawafufuki, basi tule na tunywe. Maneno hayo yalimshtua Huxley kuliko alivyoweza kueleza. Yaani kwa kuwa nimempoteza mtoto nisiyeweza kumrudisha, ndiyo niuache utu wangu nigeuke mnyama? Hata nyani, aliandika, mwanawe akipigwa risasi hukaa na huzuni yake. Haendi kutafuta cha kumsahaulisha.

Hoja hiyo ni kubwa. Mahubiri mengi ya misibani kwetu yanakwenda njia ileile: bila ufufuo, maisha haya hayana maana, na asiyeamini hana la kumzuia asitende ovyo. Mhubiri anadhani anajenga tumaini. Hajui kwamba miongoni mwa waliokaa kwenye viti vya plastiki yupo mtoto wa marehemu ambaye ndiye aliyemuuguza, akamgeuza kitandani, akamwosha, bila kungoja taji lolote. Kumwambia huyo kwamba upendo wake hauna mizizi ni kumtukana mbele ya jeneza.

Na Huxley huyohuyo, miezi mitatu baadaye, alipopata mtoto mwingine wa kiume, Leonard, alikubali abatizwe, akamwomba rafiki yake Joseph Hooker awe baba wa ubatizo. Mkewe Henrietta alikuwa muumini, na alikuwa amezika mtoto juzi tu. Wako watakaosema huo ni unafiki wa mtu aliyekwisha kuandika barua ile. Mimi naona ni mtu aliyejua mpaka uko wapi. Kwenye barua aliulizwa anaamini nini, akasema kweli. Kwenye ubatizo hakuulizwa yeye. Mama wa mtoto ndiye aliyekuwa na haja.

Mpaka huohuo ndio unaotafutwa na kila aliyeacha imani anapokaa msibani kwao. Kusimama wengine wakisimama ni adabu. Kuimba je? Wengi huona hatia kuimba maneno wasiyoyaamini, kisha hujikuta wanalia ubeti wa pili, kwa sababu wimbo ule uliimbwa na mama akipika na sauti ya pili ya kwaya imo mifupani mwao. Sioni kosa. Tenzi za Rohoni ni za mama kabla hazijawa za mafundisho yoyote, na mtoto ana haki ya urithi huo. Kuongoza sala ni jambo jingine. Hapo mtu anasema kwa kinywa chake kwa niaba ya wote, na ni afadhali amwombe mjomba mapema, faraghani, kuliko kuigiza au kukataa mbele za watu. Kupokea komunyo bila kuamini ni kuwadharau wanaoamini, nami ningemsihi asipokee, hata kama shangazi watatazamana.

Tatizo gumu kuliko ibada ni mikono. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uhai wa Kanisa, walijenga kitu ambacho hakuna serikali wala chama kilichoweza kukijenga: kaya za jirani zinazojuana, zinazokutana kila wiki, zenye orodha ya nani anaumwa na nani amefiwa. Walutheri na wengine wana zao. Aliyeondoka ameondoka humo pia. Hili ni hasara tupu, na hakuna kitabu cha falsafa kitakacholeta kuni. Baadhi hulijaza pengo kupitia vikundi vya kufa na kuzikana vya mtaani au vya ukoo, ambako Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wanatoa mchango uleule na kukesha pamoja. Ningemshauri yeyote anayehisi imani inamtoka ajiunge mapema, alipe ada bila kukosa, ahudhurie misiba ya wenzake, abebe jeneza. Hilo halihitaji imani yoyote.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipolihutubia kanisa la Kipresbiteri la PCEA jijini Nairobi mwaka 1970 na kutamka kwamba yeye si Mkristo, mzee mmoja alisimama na fimbo yake akambishia: wewe ni Mkristo, jina lako si James? Ngũgĩ baadaye aliliacha jina hilo. Tukio hilo linaonyesha kwamba kwa wazee wetu imani ni mahali unapohesabiwa kabla haijawa jambo ulilo nalo kichwani. Ndiyo maana mama wa aliyeacha anaumia kwa namna ambayo mwanawe hupenda kuipuuza. Mama anaamini kweli kwamba hawataonana. Anamlilia mtoto aliye hai. Huyo naye amefiwa, kwa kipimo chake, na kumwambia kwamba analilia kitu kisichokuwepo hakumpunguzii chozi.

Je, aliyeacha mbingu ya Kikristo lazima aachane na wafu wake? Waliosoma shule za misheni walifundishwa kwamba kuna njia mbili tu, uzima wa milele au kutoweka. Bara hili lilikuwa na njia nyingine. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, katika kitabu chake cha 1969 aliwaeleza marehemu wanaokumbukwa kwa majina kuwa wafu walio hai bado: wamo katika kile alichokiita Sasa mpaka afe mtu wa mwisho aliyewajua, ndipo wanapozama katika Zamani. Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi aliyelelewa Kikristo na kuiacha imani hiyo akiwa masomoni Uingereza, alimkosoa vikali Mbiti na wenzake kwa kuivalisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa kanisani. Namuunga mkono Okot: si haki kuwageuza babu zetu wanatheolojia. Lakini kipande kile cha Mbiti kinasimama hata kwa asiyeamini mizimu. Marehemu anaendelea kuwa na nafasi kadiri anavyotajwa, anavyoigwa, anavyopewa mjukuu wa kulibeba jina lake.

Wanasaikolojia wa Magharibi walichelewa kufika hapo. Tangu Freud, mwaka 1917, walifundisha kwamba kazi ya mfiwa ni kuuvuta moyo wake kutoka kwa marehemu. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba wafiwa wengi wenye afya hawakati uhusiano, wanaubadilisha. Klass aliwachunguza pia Wajapani na ibada zao kwa wazee waliotangulia. Mama Mkamba asingehitaji kuambiwa. Kwa aliyeacha imani maana yake ni kwamba anaweza kusema na mama yake kaburini, kwa sauti, bila kuamini kwamba anasikia, na asijione mwendawazimu wala msaliti wa akili yake. Anaweza kumwambia mtoto anayeuliza bibi yuko wapi kwamba bibi amekufa, mwili wake uko pale, haumwi tena, na hizi ndizo hadithi zake. Watoto huuliza tena na tena. Ajibu vilevile kila mara.

Limebaki la maziko yake yeye mwenyewe, na hapa sheria na mila haziko upande wake. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Ngong. Ukoo ulitaka azikwe kwao Siaya kwa mila za Kijaluo. Mwili ulikaa mochwari karibu miezi mitano, hadi Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Kesi hiyo iliwafundisha Wakenya kwamba maiti si mali ya mtu, hata ya marehemu. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, kanuni ya 1184 inawanyima mazishi walioasi imani waziwazi wasiotoa dalili ya toba kabla ya kufa. Kwa hiyo aliyeacha yuko kati ya hatari mbili zilizo kinyume: kuzikwa na maombi aliyoyakataa, au familia yake kufedheheshwa kwa padri kutokuja. Kuchomwa mwili badala ya kuzikwa nako si kauli ya kutoamini, kama wengi wanavyodhani. Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana Kenya, alichomwa mwaka 2005.

Kinachosaidia ni kuandika, na kusema mapema. Karatasi iliyotiwa sahihi na mashahidi haifungi kila mlango, lakini inawapa wanaompenda kitu cha kushika mbele ya baraza la ukoo. Aandike azikwe wapi au achomwe, nani asome wasifu wake, nani asipewe kipaza sauti. Aseme waziwazi kwamba aliishi bila dini na hakujuta, ili asije mtu akatangaza kwamba alitubu dakika ya mwisho. Amkabidhi ndugu mmoja muumini anayeheshimika, si rafiki asiye na dini ambaye wazee hawatamsikiliza. Na kama mama yake atakuwa bado hai siku hiyo, amwachie nafasi katika ratiba: wimbo mmoja atakaouchagua mama mwenyewe, na sala moja kama ataitaka, kwa muda atakaouhitaji.